Mkalimani wa Wazungu wa Kofia

Siku tuliyomzika Kato, kijijini kwao nje ya Masaka, msemaji wa familia alisimama na kipaza sauti akasoma maisha ya marehemu kwa Kiganda, na shemeji yake mmoja aliyeketi kando yangu akawa ananipakulia kwa Kiswahili, kijiko kimoja kimoja: kazaliwa, kabatizwa, kaoa, kazaa, kajenga nyumba ya matofali. Mimi nilikuwa nangoja Juba. Nilikuwa nimetoka Juba kwa basi kwa ajili hiyo tu, na wanaonijua watakuambia kwamba kwangu safari ndefu ni ile ya kutoka kitandani kwenda kuona kama maji ya chai yamechemka. Juba ilipofika ilikuwa sentensi moja. "Anasema alifanya biashara ndogo Sudani," akaninong'oneza yule shemeji, na kabla sijamgeukia, msemaji alikuwa ameshafika kwenye kuwashukuru kina mama waliopika. Nikaitazama sahani yangu ya matoke. Biashara ndogo! Jioni rafiki yangu Nyamal alinipigia simu kutoka Australia, ambako sasa analea wanawe na kuwaogesha wazee wa watu kwa mshahara.

"Wamesemaje kuhusu Juba?"

"Biashara ndogo."

"Manze. Hivyo tu? Hata kipaza sauti chake hawakukitaja?"

"Hawakukitaja."

"Basi andika wewe, Kiden. Si wewe huwa uko tu kwa nyumba?"

Hilo sikuweza kulipinga, kwa hiyo naandika. Mwaka ninaoutaka ni ule ulioanza tukiwa bado na rangi za bendera mpya ya uhuru machoni na kuisha watu wakiwa wamelala chini ya vitanda. Mimi na Nyamal tulikodi chumba kimoja mtaa wa Munuki, pale Juba, katika ua uliojaa vyumba vya mabati vilivyobanana kama viberiti dukani. Kulikuwa na kitanda kimoja, godoro moja la chini ambalo tulilipokezana, cherehani yangu dirishani, na kalenda ya kanisa ambayo Nyamal aliitundika upande wa picha, kwa sababu tarehe, alisema, zinamkumbusha kodi. Yeye alikuwa Mnuer, mimi Mbari, na kabla ya Desemba hilo lilikuwa jambo la kutaniana tu wakati wa kula. Yeye alisema watu wetu hupika majani hata kama kuna nyama. Mimi nilisema watu wao huongea na ng'ombe kuliko wanavyoongea na wake zao. Wenyeji walituona sote wawili kitu kimoja: watu wa Kenya. Tulikuwa tumesoma Eldoret, dawati moja, na Kikalenjin tulikiokota uwanjani kabla hatujakielewa Kiingereza cha darasani. Pale Juba, tukitaka kumsema mtu mbele yake, tulimsema kwa Kikalenjin, tukitabasamu kwa heshima zote.

Nyamal alifanya kazi ya kupokea wageni katika ofisi ya wafadhili. Alitoka asubuhi na viatu mkononi, akavivaa barabarani baada ya kuruka madimbwi. Mimi nilibaki. Nilishona mashuka na mapazia, wateja walikuja wenyewe, na kila nilipoalikwa mahali nilikuwa na shuka la haraka. Asubuhi nilikula ful, maharage ya kupondwa, kwa mkate na vitunguu, mchana chapati ya kukunja na yai kutoka kwa mama Mganda wa pale nje, ambaye nilimtuma mtu anichukulie ingawa nilikuwa namwona kupitia mlangoni. Nilikuwa na sababu nyingine ya kukaa ndani. Ukuta wa nyuma wa chumba chetu ulikuwa bati moja tu, na upande wa pili wa bati hilo kulikuwa na kibanda cha video cha Kato.

Kato alikuwa mtu mfupi, wa mviringo, mwenye sauti ambayo Mungu aliikusudia mtu mwenye kifua kikubwa zaidi. Mchana alichaji simu za mtaa mzima kwa jenereta yake. Alasiri alifungua kibanda, akaweka filamu, akaishusha sauti ya filamu hadi chini, akashika kipaza sauti na kutafsiri. Wateja wake walikuwa vijana wa steji ya boda boda. Filamu za Kichina, za Kihindi, za Kimarekani, zote alizitafsiri kwa kile Kiswahili chake kisichojali kitu ni cha ngeli gani, na Kiarabu cha Juba kikiingia kila kilipotaka. Halafu kawaja mmoja, yaani Mzungu, aliyekuwa anarudi kwao akauza vitu vya nyumbani. Kato akanunua deki, na pamoja na deki akapewa katoni ya diski ambazo hakuna aliyezitaka: kipindi cha zamani cha vichekesho cha Waingereza, cha zama zile suruali zilikuwa pana chini na rangi za televisheni kama chai iliyomwagika. Kilikuwa vipande vifupi vifupi visivyohusiana. Mtu anampelekea daktari wa meno kiatu kinachouma. Majaji wawili wanabadilishana nywele za bandia mpaka mshtakiwa anapewa kuvaa. Bwana wa kofia nyeusi anatembea mjini amebeba mlango, na kila akitaka kusema na mtu anausimamisha barabarani na kubisha hodi kwanza. Kwenye kibanda walibatizwa siku ileile: Wazungu wa Kofia.

Kiingereza cha Kato kilikuwa cha sokoni. Alijua kutaja bei, kukataa bei na kuapa. Kile cha wale Wazungu kilipita puani na kutoka kasi, na leo nina hakika hakuelewa sentensi moja kati ya wanazosema. Hilo halikumzuia. Aliona kwamba sura ni zilezile, watano wale wale, kila kipande wakiwa na nguo nyingine, na akaamua kwamba hiyo ni hadithi moja ya ukoo mmoja. Yule mrefu akamwita Tomasi.

"Sasa munaona Tomasi," nilimsikia kupitia bati, sindano ikiwa imesimama hewani. "Jana alikuwa daktari ya meno. Leo iko polisi. Munashangaa nini? Kazi moja inatosha? Nyinyi wenyewe asubuhi boda, jioni mulinzi!"

"Ukweli, Kato! Ukweli mtupu!"

Vipande vile vilikuwa na tabia ya kukatika ghafla, katikati ya neno, bila mwisho. Kato hakutaabika. "Kalas, imekwisha," alisema. "Jenereta yao imeisha mafuta."

"Hata London?" akauliza Lado, kijana mmoja wa boda aliyependa kuuliza.

"London ndiyo mbaya kabisa."

Kisha kulikuwa na vile vicheko, vya watu wasioonekana, vinavyotoka hewani kila mtu akianguka. Vijana walitaka kujua ni kina nani. Kato alifikiri kidogo. Nilisikia kipaza sauti kikikwaruza ndevu. "Hao ni majirani," akasema. "Iko upande ya pili ya ukuta. Kazi yao nasikiliza maneno ya watu." Kibanda kizima kikaangua kicheko, na mimi upande wa pili wa ukuta nikaziba mdomo kwa shuka la mteja, kwa sababu nilijua nimesemwa.

Chemsha bongo ndiyo iliyonitoa. Mbele ya kibanda, mbele ya mabenchi, kulikuwa na kiti kilichong'olewa kwenye Land Cruiser iliyokufa, chenye kitambaa na mahali pa kuegemeza shingo. Kila alasiri kabla ya kuwasha deki Kato alitangaza, "Swali ya leo!" na aliyejibu ndiye aliyekalia kiti. Tomasi aliacha udaktari kwa nini? Kwa sababu viatu vya watu vilinuka. Mama mkwe wa Tomasi, yule mwenye miguu minene na mikono mikubwa, gauni lake la kanisani ni rangi gani? Zambarau, la kijani ni la kugombana. Kwa nini mikono yake mikubwa? Amelima sana. Katika majirani ni nani hucheka wa kwanza? Yule mzee mwenye kikohozi. Vijana walibishana njia nzima wakiwa na abiria mgongoni. Walikuja kwa fundi cherehani, yaani mimi, kuuliza kama zambarau na urujuani ni rangi moja, kwa kuwa kuna mtu amenyimwa kiti. Na mimi, ambaye sikuwa nimemwona Tomasi hata siku moja, nilijua yote. Siku moja swali lilikuwa gumu, wakabahatisha ovyo, nikashindwa kuvumilia, nikapiga kelele kwa bati: "Alimkopesha mlango shemeji yake!"

"Huyo hajalipa kiingilio!" wakalalamika.

"Madam Ndani amepata," Kato akasema kwa utulivu wa hakimu. "Lakini kiti hapana weza pita kwa ukuta. Aje achukue."

Nyamal ndiye aliyenikokota. Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa na uzi shingoni, nikamwona Tomasi kwa mara ya kwanza, na nikashangaa kwamba si mweusi. Tangu siku hiyo nilikuwa natoka, hatua chache tu, usinichekeshe, lakini natoka.

Basi ikatokea kwamba wafadhili wa ofisi ya kina Nyamal walikuwa na jioni yao ya chemsha bongo kila Alhamisi, katika hoteli moja kando ya mto, na Alhamisi moja mada ikawa kipindi kilekile cha Wazungu wa Kofia. Nyamal alirudi akiwa anacheka peke yake. "Sikieni, hawa tunawamaliza," akasema. "Si wengi wanaojua gauni la kanisani." Kato akavaa koti. Sijui alilitoa wapi, lilikuwa la mtu mrefu, na akalikunja mikono kwa ndani. Tulikaa meza ya pembeni, soda tatu, kawaja wametuzunguka wakinukia dawa ya mbu, na mzee mmoja Mwingereza mwenye masikio mekundu akasoma maswali. Kwa nini vipande vyao vingi havina mwisho? Kato akanong'ona, Nyamal akaandika: mafuta ya jenereta. Vicheko ni vya nani? Majirani. Nani aliigiza wanawake wazee? Hapo tulitazamana, kwa sababu swali lenyewe tuliliona la kipumbavu. Tuliandika: wanawake wazee.

Majibu yaliposomwa nilitamani meza yetu iwe na kitambaa kirefu nijifunike. Vipande havikuwa na mwisho kwa kuwa waandishi wale walichoka kuhangaika na mzaha wa mwisho, wakaamua kuuacha; mzaha ukishachekesha, wanahamia kwingine. Vicheko vilikuwa vya watu halisi, walioalikwa kukaa ukumbini na kutazama. Na mama mkwe alikuwa Tomasi.

"Mama mkwe ni Tomasi?" Kato alisema, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari za msiba.

"Pole, Kato," nikasema.

"Na ile mikono?"

"Ni yake."

Yule mzee alipofika kwenye karatasi yetu alisoma kwanza kimya, kisha kwa sauti, na watu wakacheka mpaka wakapiga meza. Alikuja hadi pale akampa Kato mkono, machozi yakimtoka, akisema maneno mengi ambayo Nyamal alituambia yalikuwa ya sifa. Kato alikuwa anaangalia viatu vyake. Njia yote ya kurudi hakutafsiri hata mabango.

Kesho yake alisimama mbele ya mabenchi bila kuwasha deki. Nilikuwa mle ndani, mstari wa nyuma. "Ndugu zangu," akasema, "nataka sema ukweli. Wale wanacheka hapana majirani. Ni watu wamekaribishwa."

"Wamekaribishwa na nani?" Lado akauliza.

"Na wenye kipindi."

"Wakapewa chakula?"

Kato akanitazama. Nikatikisa kichwa. "Hapana chakula," Kato akasema.

"Basi mtu atatoka kwake, akae kwa watu jioni nzima bila chakula, na bado acheke?" Lado akawageukia wenzake. "Kawaja wamemdanganya mtu wetu."

"Rudisha majirani, Kato!"

"Na mama mkwe usimguse!"

Akarudisha. Angefanya nini? Walikuwa wamelipa. Nimekuja kukitazama kipindi kile miaka ya baadaye, kwa sauti yake halisi, na Kiingereza changu cha kidato cha nne kikinisaidia panapowezekana. Ni kizuri, tena kizuri sana. Wale watu walikuwa na akili ya ajabu, wanachukua jambo la kawaida, la kwenye kaunta au kwenye foleni, wanalivuta kidogo tu pembeni mpaka unaona lilikuwa la kichaa tangu mwanzo. Lakini nilipokitazama ndipo nilipojua Kato alikuwa mtu wa namna gani. Hakuwa anasikiliza maneno, alikuwa anasoma mabega. Alijua mtu anayekataliwa kwenye dirisha la ofisi anasimamaje, alijua mwenye cheo anavyoshika kalamu akitaka umwogope, na kutoka hapo aliyaweka maneno ambayo kila mtu kwenye mabenchi alikuwa ameshayasikia au kuyasema. Mzaha wao ulifika Munuki mzima, kasoro maneno yake. Sijaona mkalimani mwingine wa namna hiyo, na Juba imejaa wakalimani wanaolipwa kwa dola.

Desemba ikaja. Milio ya risasi ilianza Jumapili upande wa kambi za jeshi, tukadhani ni watu wanasherehekea jambo, halafu ikaendelea kupita sherehe yoyote. Tulilala sakafuni, Nyamal upande wa ukuta wa bati, mimi upande wa cherehani, ambayo niliiamini kwa kuwa ni ya chuma. Tulikula wali bila chumvi kwa sababu chumvi ilikuwa kwenye rafu na rafu ilikuwa mbele ya dirisha. Simu ilipopata chaji kidogo, habari zilikuwa za aina moja. Watu wenye bunduki walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, na katika mtaa wetu siku hizo waliokuwa wanatafutwa ni Wanuer. Hawakuuliza kabila. Walikusalimia kwa lugha yao, wakangoja. Ukishindwa kuitikia, kulikuwa na swali la pili. La tatu halikuwapo.

Asubuhi moja milio ilipotulia tulisikia misumari ikilia. Bati la ukuta likasogea, na Kato akapita pale, tumbo kwanza. Alikuwa na sufuria ya chai.

"Nyabo," alimwambia Nyamal kwa heshima ya Kiganda, "wewe leo ni Muteso. Ya Soroti, kule Uganda. Wateso ni warefu kama wewe. Dada ya bibi yangu, umekuja uza mashuka."

"Na wakisema niongee Kiteso?"

"Ongea kitu yoyote. Mimi iko hapa, nitatafsiri."

"Kwani wewe unajua Kiteso?"

"Hapana."

"Sasa, Kato?"

"Hata Kiingereza ya wale wa kofia sikujua," akasema, akatumiminia chai.

Walifika jua likiwa limepanda vizuri. Kato alikuwa nje kwenye jiko la makaa, akawasalimia yeye kwanza, kwa sauti ya kibandani, kana kwamba walikuwa wamechelewa. Walikuwa wawili, mmoja mtu mzima aliyekaa mlangoni pa ua, mmoja kijana mwenye suruali ya jeshi na fulana ya mpira. Tuliitwa nje. Kijana akanisalimia kwa lugha yao. Nikamjibu kwa Kiarabu cha Juba kwamba mimi ni Mbari, akanitazama, akanipita. Akamsalimia Nyamal. Nyamal akamtazama Kato.

"De munu?" kijana akamuuliza Kato. Huyu nani?

Kato akasema ni shemeji yake wa Uganda, mgeni, hajui Kiarabu.

"Aongee lugha ya kwao. Aseme ni nani na amefuata nini."

Nyamal alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Kijana akaishusha bunduki kutoka begani, polepole, kama mtu anayetua mzigo. Ndipo Kato akapiga makofi mara moja, akamgeukia Nyamal, na kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya kila alasiri, akasema: "Nyabo! Swali ya leo! Tomasi jana alikuwa nani?"

Kikatoka Kikalenjin. Kilitoka chote, kile cha uwanjani Eldoret, haraka kama mvua ya mawe, na pale uani mimi peke yangu ndiye niliyekielewa. Alisema jana alikuwa daktari wa meno, leo ni polisi. Alisema gauni la kanisani ni zambarau, la kijani ni la kugombana. Alisema majirani wako nyuma ya ukuta na wanasikia kila kitu. Akaendelea: Mungu wangu, sitaki kufa hapa, si mbele ya mlango huu, Kiden hata hajafagia. Na hapo akaanza kulia.

Kato alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu anayetaka kushika maana sawasawa. Aliacha apumzike, akatafsiri. Anaitwa Apio, alisema kwa Kiarabu. Ni wa Soroti, karibu na kanisa. Amekuja kuuza mashuka, mashuka yamebaki sokoni. Ana watoto wanne, mdogo ana kikohozi. Nyamal alipoongeza kilio, Kato akapandisha sauti naye. Sasa analia kwa ajili ya mume wake, akaeleza. Mume yuko peke yake na watoto, na mume mwenyewe asubuhi ni mwalimu, jioni ni mlinzi.

Kijana akakunja uso. "Kazi mbili za nini?"

Nilimwona Kato akimtazama mabega. Suruali ya jeshi ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, kiatu cha kushoto kilikuwa si ndugu wa cha kulia.

"Moja inatosha?" Kato akamuuliza, taratibu.

Yule kijana akatoa pumzi puani. Ilikuwa karibu na kicheko. "Wala hapa haitoshi," akasema. Akamtazama Nyamal tena, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akanywa chai ya Kato yote, akiwa amesimama. Waliingia kibandani wakatoka na deki na simu za watu, wakaenda zao kwa nyumba iliyofuata, na sisi watatu tukabaki pale tulipo mpaka makaa yakawa majivu. Nyamal akamgeukia Kato.

"Watoto wanne, Kato?"

"Ulikuwa unaongea sana, nyabo. Nilitafuta kitu ya kujaza."

Kulikuwa na kambi ya walinda amani karibu na uwanja wa ndege, na watu wake Nyamal walikuwa wamekimbilia huko. Kesho yake Kato alimpata dereva wa gari la maji, Mganda mwenzake, aliyekuwa anapeleka maji upande ule. Alisema twende sote, kwa sababu dada wawili wanaaminika kuliko mmoja, na mimi, ambaye nilikuwa nakataa kwenda sokoni kisa jua, nikapanda lile gari bila kuuliza tutarudi saa ngapi. Tulibanana mbele wanne. Njiani Kato alimwita Nyamal Apio kila mara, hata pasipokuwa na mtu, ili asisahau. Tulisimamishwa mara moja, Kato akatafsiri, tukapita. Barabarani kulikuwa na mambo ambayo Nyamal aliniomba nisiyaandike, na sitayaandika.

Langoni watu walikuwa wengi kama siku ya uhuru, wamebeba magodoro na masufuria, hakuna anayepiga kelele. Askari wa kofia ya bluu, wa nchi ya mbali, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala, alimsimamisha Nyamal akamuuliza kwa Kiingereza yeye ni nani. Kato, kwa mazoea, akakohoa na kusogea mbele. Nyamal akaweka kiganja kifuani mwa Kato, akamrudisha nyuma taratibu. Akanyoosha mgongo. Kisha akasema kwa Kinuer jina lake, na jina la baba yake, na la babu yake, na la aliyemzaa babu yake, akaendelea kupanda hivyo, kila jina kwa sauti zaidi ya lililotangulia, mpaka watu waliokuwa wameinamia mizigo yao wakainua vichwa, na mama mmoja mzee akatoka kwenye umati akaja kumpokea mfuko. Askari hakuwa ameambulia kitu. Alimtazama Kato, akisubiri tafsiri. Kato akabaki amesimama, mikono nyuma, kimya. Askari akangoja kidogo, akafungua lango.

Tulirudi na gari la maji likiwa tupu, likigonga kila shimo. Nilivumilia mpaka tukakaribia Munuki, halafu nikamuuliza mbona hakumtafsiria yule askari, wakati alikuwa ameombwa kabisa.

Kato alikuwa anaangalia nje. "Mimi natafsiri kitu ambayo sijaelewa, Madam Ndani," akasema. "Ile nilielewa yote."